Istilahi: kitafutio huru, kitafutio cha faragha

Mjini Kilosa, mtu akitaja injini, msikilizaji hufikiria treni au mashine ya kusaga. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilipita hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na sasa ipo pia reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Labda ndiyo maana "injini ya utafutaji" imebaki maandishini. Mtaani husikika "gugo": ingia gugo utaona nauli. Jina la Google, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998, limegeuka jina la kazi yenyewe, na mshindani anayekuja baadaye hukuta hana hata neno la kusimamia.

"Utafutaji" nao una wenyewe. Pale Mikumi, mtafutaji ni kijana anayekimbilia madirisha ya mabasi na chupa za maji, akihangaikia riziki. Serikalini, utafutaji ni wa mafuta na gesi. Kitafutio kinafaa zaidi: kimeundwa kama kichezeo na kiegemeo, ni kifupi, na hakimdai msomaji awaze mitambo.

Ugumu unaanza kwenye sifa mbili ambazo matangazo huzifunga pamoja: huru na cha faragha.

Kitafutio hakiendi kuzurura mtandaoni pale mtu anapoandika "hoteli Mikumi". Programu zake, ambazo baadhi huziita vitambazi, zilishapita kwenye kurasa mapema, zikazisoma na kuziorodhesha katika faharasa kubwa. Jibu hutolewa humo. Uhuru unahusu faharasa hiyo: ni ya nani? Faragha inahusu jambo jingine kabisa, yaani kumbukumbu za huyo aliyeuliza: zinawekwa, zinaunganishwa na jina lake, zinatumika kuuza matangazo?

DuckDuckGo, iliyoanzishwa na Gabriel Weinberg mwaka 2008, inaahidi kutotunza historia ya utafutaji wa mtu. Tangazo lake hufuata swali lililoulizwa wakati huo, si tabia za muulizaji za miezi iliyopita. Hiyo ni faragha. Lakini sehemu kubwa ya majibu yake hutoka kwenye Bing, kitafutio cha Microsoft. Startpage ya Uholanzi nayo imejulikana kwa kuchukua majibu ya Google na kumvua muulizaji utambulisho njiani. Hali hii ni kama ya mabasi yanayokwenda Iringa: kila kampuni ina rangi yake na nauli yake, ila yote hupita barabara ileile inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na lori likiilalia, wote wanasimama. Mei 23, 2024 barabara ya vitafutio nayo ilifungwa. Bing ilipata hitilafu, na DuckDuckGo pamoja na Ecosia ya Ujerumani zikakwama siku hiyohiyo.

Wenye faharasa yao wenyewe ni wachache. Mojeek ya Uingereza, iliyoanzishwa na Marc Smith mwaka 2004, hutambaza kurasa kwa programu zake na haifuatilii watumiaji. Brave Search ilikuja mwaka 2021, na mwaka 2023 ikatangaza kuachana na Bing katika majibu yake ya kurasa. Hivi ndivyo vinavyostahili kuitwa vitafutio huru vya faragha, jina refu lakini la haki. Uhuru huo una gharama zake, maana kuijenga faharasa kunahitaji seva nyingi na fedha nyingi. Na kitafutio kisichotaka kujua ulipo kitababaika kidogo ukikiuliza duka la dawa lililo karibu nawe. Itabidi uandike Kilosa mwenyewe.

Neno faragha linahitaji tahadhari pia. Kwa Waswahili, kumwita mtu faragha ni kumvuta pembeni mzungumze wawili. Hakumaanishi kuwa asiyeonekana. Maana hiyo inakifaa kitafutio kuliko ahadi za matangazo. Simu ikizunguka nyumba nzima, historia ya kivinjari bado inaonekana kwa atakayeishika baadaye, na kampuni ya simu bado inaweza kujua tovuti zilizotembelewa. Kilichositiriwa ni mazungumzo kati ya muulizaji na kitafutio tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inamgusa yeyote anayekusanya taarifa za watu, lakini haimchagulii mtu kitafutio.

Uchaguzi huo mara nyingi umeshafanywa na wengine. Agosti 5, 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kesi ilionyesha kuwa mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Asiyeitaka hana budi kuingia mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari na kuibadili.