Nahodha Kijana wa Zimbabwe

Mchezo wa kriketi uliletwa Zimbabwe na walowezi wa Kiingereza, na kwa miaka mingi viwanja vyake bora vilikuwa vya watu weupe. Baada ya uhuru wa mwaka 1980 mlango ulianza kufunguliwa, na watoto wa Kiafrika wakapata kufundishwa. Mmoja wao alikuwa Tatenda Taibu, aliyezaliwa Harare mwaka 1983. Alikulia Highfield, kitongoji ambamo chama cha ZANU kiliasisiwa mwaka 1963, akasoma katika shule ya Churchill.

Taibu hakujaliwa kimo kirefu, lakini alimudu kazi mbili ngumu. Alikuwa mlinda wiketi, yaani mchezaji asimamaye nyuma ya vijiti na kudaka mipira impitayo mpigaji. Tena, zamu ya timu yake ilipofika, alishika gongo akatafuta mbio. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia katika Testi, mechi kubwa za siku 5 kati ya mataifa.

Mwezi Aprili, 2004, nahodha Heath Streak aliondolewa kwa ugomvi uliohusu uteuzi wa wachezaji, na wenzake weupe wengi wakagoma. Taibu, ambaye hajatimiza miaka 21, akakabidhiwa timu. Tarehe 6 Mei alikuwa nahodha mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya Testi. Sifa hiyo ilidumu hadi mwaka 2019, ilipochukuliwa na Rashid Khan wa Afghanistan. Lakini Sri Lanka iliishinda Zimbabwe vibaya katika mechi zote mbili.

Yafaa tujiulize: je, ile ilikuwa heshima au mzigo? Kwa ustadi Taibu hakupungukiwa. Mwezi Januari, 2005, mjini Dhaka, alipata mbio 85 bila kutolewa, kisha 153, na mechi ikaisha sare. Hata hivyo Bangladesh ilikwisha kushinda mechi ya kwanza, na mashindano yakawa yake. Novemba mwaka huohuo, baada ya mgogoro na viongozi na vitisho alivyopata, Taibu alijiuzulu. Alikuwa na miaka 22 tu. Alirudi uwanjani mwaka 2007.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Taifa likimpa kijana uongozi, halina budi kumpa pia wazee wa kumshauri na wenzake wa kusaidiana naye. Bila hayo, cheo humlemea hata aliye hodari.