Aliyeuguza Akifiwa: Historia ya Faraja katika Karatu na Ngorongoro

Mchungaji aitwapo msibani katika Karatu au Ngorongoro, humkuta pale mtu ambaye mara nyingi hatajwi katika utaratibu wa ibada. Ni yule aliyemuuguza marehemu: mke, binti au mama aliyemwosha, akamlisha na kukesha naye. Mtu huyu hufiwa mara mbili, maana hupoteza mpendwa wake, na pamoja naye kazi iliyozijaza siku zake. Katika makala hii twakusudia kutazama jinsi jamii za sehemu hizi, na Kanisa ndani yake, zilivyomtendea, ili tutambue yatupasayo sisi.

Wairaqw wa Karatu walikuwa na desturi iitwayo metimani. Kifo kilihesabiwa kuwa unajisi uwezao kuwadhuru majirani, mifugo na mashamba. Kwa hiyo wafiwa walitengwa. Hawakushiriki moto, chakula wala pombe pamoja na wengine hadi muda wao utimie na watakaswe. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro, maiti za watu wengi ziliachwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wachache, kama vile laiboni. Jamaa walinyoa nywele, wajane wakavua mapambo, na jina la marehemu likaepukwa kutajwa.

Injili ilileta badiliko kubwa. Hospitali ya Haydom ilipofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963, mazishi ya Kikristo yalizidi kuenea. Jina la marehemu likasomwa hadharani, na usharika mzima ukakaa na wafiwa pasipo kuogopa. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, desturi ya kale, pamoja na hofu yake yote, ilikiri jambo moja la kweli: kwamba huzuni ina urefu wake. Sisi tuliubomoa ukuta wa kutengwa, lakini hatukuweka kalenda nyingine mahali pa ile tuliyoiondoa. Ibada ikiisha na matanga yakianuliwa, aliyeuguza hubaki peke yake. Zamani alitengwa kwa hofu. Sasa hutengwa kwa kusahauliwa.

Ukimwi, uliogunduliwa nchini mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ulilifunua pengo hilo. Wagonjwa wengi waliuguzwa nyumbani hadi mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani kwa huduma ya tiba shufaa, nayo huduma hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za Kanisa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba tiba ya namna hii haina budi kuisaidia familia wakati wa ugonjwa na pia katika msiba wake. Kwa maneno mengine, kazi haiishii kaburini.

Tena tulifundishwa tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia, Karatu, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siku mbili baadaye taifa lililia pamoja katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wazazi hao hawakupata hata nafasi ya kuuguza. Lakini wao na waliouguza miaka mingi hukutana katika jambo moja: kilio cha wengi hukoma mapema, na nyumba hubaki na kitanda kitupu.

Aliyeuguza huwa na swali alilolificha: je, ningemwahisha hospitali, angalipona? Tukimwambia upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu, twamfunga kinywa kabla hajauliza. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba wakiwa kimya (Ayu. 2:13), kosa lao lilianza walipotaka kueleza. Israeli nao walimlilia Musa siku thelathini (Kum. 34:8).

Basi yatupasa kila usharika uwe na daftari la wafiwa, likionyesha ni nani aliyeuguza. Mzee wa kanisa amtembelee baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita, na mwaka utimiapo. Asiende na hotuba, bali aende na masikio. Hivyo tutakuwa tumeurudisha muda wa kuomboleza, pasipo kuurudisha ukuta.