Gedi: ukadiriaji wa umri wa mji

Gedi ni magofu ya mji wa Waswahili uliozungushiwa kuta mbili za mawe ya matumbawe, karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi, Kenya. Umri wake umekadiriwa hasa kutokana na uchimbaji ulioongozwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Nguzo ya ukadiriaji huo ni kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 BK.

Ushahidi mwingine ni vigae vya kaure ya China. Mitindo yake ilibadilika kwa vipindi vinavyojulikana, kwa hiyo kigae kilichofukiwa chini ya sakafu huonyesha kwamba sakafu hiyo haikujengwa kabla ya chombo chenyewe kutengenezwa. Kwa njia hiyo, ukuta wa nje umewekwa katika karne ya 15 na wa ndani katika karne ya 16. Mji ulihamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.