Moyo Hupenda Kazi

Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu ikipitia hapa Fort Ternan, na safari ya miguu ikawa safari ya kuketi. Je, kuketi kuna madhara?

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi.

Mama mchuma chai hupanda vilima kama kondakta. Lakini nyanya anayeketi jikoni kutwa? Leo jioni mshike mkono, mtembee polepole hadi barabarani. Akiumwa kifua, apumzike, kisha apelekwe hospitali upesi.