Uoshaji wa mazulia

Uoshaji wa mazulia ni kazi ya kuondoa vumbi, madoa na harufu katika zulia kwa malipo. Katika mazungumzo ya kila siku ya Tanzania bara zulia huitwa zaidi kapeti, jina lililotokana na Kiingereza.

Kinyozi hufanya kazi mbele ya macho ya mteja, lakini mwoshaji wa mazulia mara nyingi huondoka na mali ya mteja na kuirudisha baada ya siku kadhaa. Kwa sababu hiyo suala la kwanza katika kazi hii ni uaminifu, na matapeli hutumia nafasi hiyo hiyo.

Historia

Kwa muda mrefu mazulia yalisafishwa kwa kutandazwa nje na kupigwa kwa fimbo. Mwaka 1876 Melville Bissell wa Grand Rapids, Michigan, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kusukuma kwa mkono yenye brashi ya kuzunguka. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth wa Uingereza alibuni mashine ya kunyonya vumbi. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Edward VII kutawazwa kuwa mfalme.

Katika Afrika ya Mashariki nyumba nyingi zilitumia mikeka na majamvi, ambayo hukung'utwa na kufutwa tu. Mazulia ya nyuzi za viwandani, hasa yale ya manyoya, yameenea sebuleni hata katika miji midogo. Zulia la namna hiyo likilowa huwa zito mno, na nyumba isiyo na uwanja mpana au maji ya kutosha hushindwa kuliosha. Hapo ndipo huduma ya kulipia ilipopata wateja.

Mfano wa Kisesa

Kisesa ni kata ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, takriban kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza. Inajulikana hasa kwa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Baadhi ya wakazi hufanya kazi jijini na kurudi jioni.

Katika maeneo ya namna hii huduma hupatikana kwa njia tatu:

1. Sehemu za kuoshea magari kando ya barabara, ambapo mazulia huoshwa kwa mashine ya maji yenye presha na kuanikwa juani.
2. Waoshaji wanaokuja nyumbani na mashine zao, ambao kwa kawaida husafisha pia sofa na magodoro.
3. Vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kukusanya mazulia kwa pikipiki, bajaji au guta.

Njia ya kwanza ina faida ya kuwa na mahali panapojulikana. Njia ya tatu ina hatari kubwa zaidi, hasa mchana, wakati nyumbani wamebaki watoto au dada wa kazi. Mgeni anayedai kwamba “mama ameniagiza nichukue kapeti” huweza kupewa bila kuulizwa zaidi. Familia nyingi hununua zulia kwa akiba ya miezi kadhaa, hivyo kulipoteza si hasara ndogo. Kinga yake ni agizo moja kwa wote waliomo ndani: kitu hakitoki nyumbani kabla ya kumpigia simu mwenye nyumba, kwa namba yake ya siku zote na si ile inayotolewa na mgeni.

Hatua za kazi

Mwoshaji anayeijua kazi yake hufuata hatua hizi:

- Kukung'uta zulia likiwa kavu, kwa sababu vumbi likilowa huwa tope.
- Kujaribu rangi kwa kusugua pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikishika rangi, zulia haliloweshwi ovyo.
- Kusugua kwa brashi na sabuni isiyo kali. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huweza kufubaza rangi na kuharibu sufu.
- Kusuuza mpaka maji yatoke safi. Sabuni iliyobaki hunasa vumbi upya.
- Kukamua na kukausha pande zote mbili.

Ukaushaji ndio hatua inayoharakishwa zaidi. Zulia linaweza kuwa kavu juu na bichi mgongoni. Likitandikwa hivyo huota ukungu na kunuka baada ya siku chache. Mkoani Mwanza mvua hunyesha zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba na kuanzia Machi hadi Mei, kwa hiyo katika miezi hiyo ahadi ya kurudisha zulia nene “kesho asubuhi” inahitaji kuulizwa vizuri: litakaushiwa wapi?

Aina za udanganyifu

- Malipo ya awali: tapeli hutangaza huduma kwa picha za kazi za watu wengine, hudai atumiwe pesa ya “usafiri” au “sabuni” kwa simu, kisha hapatikani tena.
- Bei ya chambo: bei ndogo hutajwa kwanza. Zulia likishalowa, mteja huambiwa kwamba madoa, manyoya na ukubwa vina bei zake.
- Kutoweka: zulia huchukuliwa na halirudi.
- Kubadilisha: mteja hurudishiwa zulia linalofanana na lake lakini lililochakaa.
- Kuosha juu juu: uso hupitishwa sabuni na kunyunyiziwa manukato, huku vumbi likibaki ndani.

Jinsi ya kumchagua mwoshaji

Dalili za kuaminika ni zile zinazoweza kuhakikiwa kabla zulia halijatoka nyumbani. Mteja anaweza kwenda mwenyewe mahali pa kazi, kuangalia mazulia yanavyoanikwa na kuuliza majirani waliowahi kuhudumiwa. Leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA huonyesha kwamba mhusika anafahamika na anaweza kutafutwa, ingawa havithibitishi ubora wa kazi.

Bei hukubaliwa kwa kipimo. Zulia la futi 5 kwa 8 lina futi za mraba 40. Kama bei ingekuwa shilingi 300 kwa kila futi ya mraba, malipo yangekuwa shilingi 12,000. Kinachotakiwa ni jumla ijulikane mapema, pamoja na gharama ya kulichukua na kulirudisha.

Kabla ya kukabidhi, mteja hupiga picha za uso, mgongo, pembe na madoa yaliyopo. Karatasi fupi yenye tarehe, vipimo, bei, siku ya kurudisha na sahihi za pande mbili inatosha. Karatasi hiyo humlinda pia mwoshaji mwaminifu dhidi ya mteja anayedai kwamba doa la zamani limetokea kazini.

Malipo yote, au sehemu kubwa yake, hufanywa baada ya zulia kukaguliwa mchana, likiwa limetandazwa na kupapaswa mgongoni. Kwa malipo ya simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuweka namba ya siri. Jina lisilolingana na la mwoshaji au biashara yake ni sababu ya kusimama na kuuliza. Lipa Namba yenye jina la biashara ni salama kuliko namba ya mtu asiyejulikana.

Sheria

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba nchini Tanzania, lakini ni magumu kuthibitisha. Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), anayepokea mali ya mwingine ili aifanyie kazi anapaswa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake. Kwa upande mwingine, aliyemaliza kazi kama ilivyokubaliwa ana haki ya kulishikilia zulia mpaka alipwe ujira wake.

Kuchelewa au kuharibu zulia kwa uzembe kwa kawaida ni madai, na yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo mazungumzo yakishindikana. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka saba, na huripotiwa polisi. Ujumbe wa kitapeli wa simu hutumwa kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aliyetuma pesa kimakosa anapaswa kuwasiliana mara moja na mtandao wake, kabla mpokeaji hajazitoa.

Mazingira

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Kuosha mazulia ufukweni mwa Ziwa Viktoria kwa hiyo si njia halali ya kupunguza bei, na sabuni inayoingia majini huchafua maji ambayo wakazi wengi wa mkoa huyatumia. Mahali pazuri pa kazi hii pana sakafu ngumu na shimo la maji machafu, na mteja anaweza kuviona kwa macho siku ile ile anapokwenda kumchunguza mwoshaji.