Zizi la Kondoo na Kumbukumbu za Wanavajo

Wanaotaka kuokoa simulizi za koo za Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani ambao wenyewe hujiita Diné, huanza na kinasa sauti. Mimi ningeanza na zizi la kondoo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu yao kwa miguu hadi kambi ya kuwazuilia ya Bosque Redondo, New Mexico, baada ya kuwachomea mashamba na kuwakatia mipichi katika korongo lao la Canyon de Chelly. Mkataba wa 1868 uliowarudisha kwao uliahidi kondoo na mbuzi 15,000. Mifugo hiyo ndiyo iliyosimamisha nyumba upya: mtoto alimfuata bibi yake machungani, jioni akachambua sufu kando ya mtambo wa kufumia, na hapo hapo akasikia nani alifia njiani na nani alijificha magengeni. Ukoo hufuata mama, na kondoo wengi walikuwa wa wanawake. Mwenye zizi ndiye aliyekuwa na masikio ya wajukuu.

Miaka ya 1930 serikali, ikihofia mmomonyoko wa udongo na tope kujaa bwawa la Hoover, iliamuru mifugo ipunguzwe. Mingine ilipigwa risasi, mizoga ikaachwa ioze. Hofu hiyo haikuwa ya kuzua, malisho yalikuwa yamechoka kweli. Ila maofisa walihesabu vichwa vya mifugo tu. Mtoto aliyebaki bila cha kuchunga hakuwa na safu yake daftarini.

Atatokea wa kusema kwamba kondoo wenyewe waliletwa na Wahispania, basi jadi iko wapi? Sioni uzito wa hoja hiyo: mila hupimwa kwa kilichojengwa juu yake, si kwa bandari iliyopitia. Pingamizi zito zaidi ni la kitabu. Mwaka 1973 chuo cha Wanavajo wenyewe kilichapa simulizi za safari ile ya 1864, na bila kazi hiyo mengi yangezikwa na wazee. Lakini hadithi za Koyote, mnyama mjanja wa ngano zao, husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka wakiwa wamelala. Kitabu hufunguka hata Julai.

Ndiyo maana nautilia maanani mradi ulioanza 1977 wa kuwarudisha kondoo wa Churro, uzao wa wale walioletwa na Wahispania, waliokuwa karibu kwisha. Sufu yao ina mafuta machache, huoshwa kwa maji kidogo katika nchi ile kame, kisha hukaa mapajani ikichambuliwa usiku kucha wa Januari.