Wanandoa Njiani: Kazi ya Mke katika Misafara ya Unyamwezi, Karne ya 19

Historia ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji imezoeleka kusimuliwa kama habari ya wanaume: matajiri wa pembe, wavumbuzi wa Kizungu, virangozi na wapagazi. Makala haya yanadai kwamba simulizi hiyo ina pengo kubwa. Katika misafara ya Wanyamwezi hasa, wapagazi wengi walisafiri na wake zao, na kazi ya mke ilikuwa sehemu ya nguvu iliyousogeza mzigo. Mwanahistoria Stephen Rockel alikwisha kuonyesha hivyo katika utafiti wake kuhusu wapagazi. Hapa nautumia mtazamo huo kuisoma upya Tabora.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 1857 wavumbuzi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, mahali pa Tabora ya leo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi walipita Mgunda Mkali, pori lenye maji haba na vijiji vichache. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka na vyombo vyake. Jioni alipotua mzigo, kazi haikuwa imekwisha. Posho mara nyingi ilitolewa kwa vitambaa au shanga: ilibidi mtu aende kijijini kununua mtama, autwange, ateke maji, asenye kuni, apike. Wasio na wake waligawana kazi hizo kwa makundi. Aliyekuwa na mke alipata chakula mapema na kupumzika kabla ya safari ya alfajiri.

Ushahidi mmoja ulio wazi unatoka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka 1872 mvumbuzi David Livingstone alikaa huko miezi kadhaa akisubiri wapagazi kutoka pwani. Shajara yake inaeleza jinsi Ntaoéka, mwanamke wa msafara wake, alivyokubali kuolewa na mtumishi wake Chuma, baada ya kukataa mwanzoni. Tangu hapo, anaandika, mwanamke huyo alikuwa wa kwanza kuamka katika baridi ya asubuhi: akawasha moto, akatwanga, akabeba maji na kuni, akafagia, akapika. Halima, mke wa mtumishi mwingine, Amoda, alikuwa mpishi, na Livingstone alimsifu kuwa nguzo ya msafara. Agosti mwaka huo waliondoka Unyanyembe, yaani eneo hilo la Tabora na Kwihara, kuelekea kusini. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wanawake hao walikuwamo katika kundi lililorudisha maiti yake Unyanyembe, kisha Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Chuma na mtumishi mwenzake Susi walialikwa Uingereza, wakapata umaarufu wa haki. Ntaoéka na Halima hawakualikwa.

Tulinganishe na wanandoa wengine. Annie Hore na mumewe Edward, wa London Missionary Society, walisafiri mwaka 1884 na 1885 kutoka Saadani hadi Ujiji kwa siku 90, wakiwa na mtoto wao mdogo. Annie alibebwa kitini na wapagazi, na mwaka 1886 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa. Ujasiri wake haupingiki. Lakini msomaji anayemjua mke aliyebebwa, asiwajue wake waliotembea kwa miguu, anaijua nusu ya njia.

Kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni malalamiko ya baadhi ya viongozi wa misafara kwamba wanawake walichelewesha mwendo. Malalamiko hayo hayaelezi kwa nini Wanyamwezi, mabingwa wa kazi ya upagazi, waliendelea kusafiri na wake zao. Ya pili ni nzito zaidi: si kila ndoa ya njiani ilikuwa ya hiari. Halima mwenyewe alikuwa mtumwa, na Livingstone aliandika kwamba angemwacha huru watakapofika Unguja. Jambo hili halipunguzi mchango wake. Linatulazimu kuusimulia pamoja na dhuluma iliyouzunguka.

Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO, Kwihara ikiwa miongoni mwa vituo vyake, kwa jina linalotaja watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo ni la kweli, ila halitoshi. Kwihara panapaswa kutajwa Ntaoéka na Halima kando ya wavumbuzi Livingstone na Stanley. Na watafiti wetu waende katika familia za Tabora, Urambo na Nzega wakusanye masimulizi ya mabibi waliokwenda pwani na kurudi, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka.